Poda ya Matokeo

Nina duka la vitu vya nyumbani hapa Butembo, na kuna bidhaa moja ambayo naificha wakati ule hasa watu wanapoitafuta. Ni poda ya watoto wachanga. Mwaka mzima inakaa rafuni kati ya sabuni na mafuta ya kujipaka. Lakini matokeo ya mtihani wa Serikali yakikaribia kutoka, wenzangu wa mtaa wanapopanga makopo mbele ya milango yao, mimi nayaondoa yangu na kuyasukuma nyuma ya magunia ya chumvi. Majirani wamenicheka hadi wamechoka. Mmoja alisema hajawahi kuona mfanyabiashara anayekimbia wateja, nikamjibu kwamba kila mtu na wazimu wake.

Kwetu, mwanafunzi akipita mtihani huo wa mwisho wa sekondari, anamwagiwa poda kichwani. Sijui nani alianzisha. Simu ikishaleta habari, mama anapiga kigelegele, shangazi anafungua kopo, na kijana anatoka barabarani akiwa mweupe nywele, kope na mabega, watu wakiimba nyuma yake na pikipiki zikipiga honi hata kama madereva hawamjui. Ukiona mtu ana poda huulizi, unaimba tu. Harufu yake tamu inachanganyika na jasho na vumbi letu jekundu, nami nikiipata, hata nikiwa nimejifungia dukani, najiona tena mtoto nimesimama kizingitini kwetu Bungulu, mtaa wa Beni, kopo mkononi, nina furaha ambayo sijapata nyingine ya kuifikia. Ndiyo maana siipendi.

Sisi ni watu wa Kamango. Baba alilima kakao na mpunga kule karibu na mpaka wa Uganda, na alikufa kwa tumbo. Utumbo ulijifunga, alitakiwa mtu wa kumpasua, na mtu huyo hakuwepo. Wanaume walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, kuelekea Beni, wakamrudisha kabla hawajafika nusu ya njia, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya haraka. Dada yangu Masika, mkubwa wetu, alikifuata kipoyi kile kwa miguu kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, sikumbuki lolote, ila nilisimuliwa kwamba siku ya msiba Masika aliwaambia wakubwa atakuwa daktari wa kupasua watu. Hakusema angependa. Alisema atakuwa, na wakubwa wakampa maji anywe wakidhani ni uchungu unaomsemesha.

Baadaye vita vilitutoa Kamango. Tukaja Beni, tukapanga chumba kimoja Bungulu, katika mtaa ambao wakati wa mavuno unanuka kakao iliyochachuka, imeanikwa juu ya maturubai pande zote za barabara hadi unakosa pa kukanyaga. Mama aliuza unga wa mihogo sokoni. Masika alichukuliwa na mjomba, kaka yake mama, mfanyabiashara wa Butembo, akasomee kwake. Nilimwita Yaya, ndivyo kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake. Alikuwa akija likizo amevaa sweta la baridi ya Butembo, analivua akiwa bado njiani kwa joto la Beni, halafu anakaa nje na kijiti ananichorea mwili wa binadamu mchangani. Siku moja alinichorea moyo, akanionyesha vyumba vyake vinne na milango yake. Nilishangaa sana kusikia kwamba ndani ya kifua changu mlikuwa na vyumba vinne, wakati sisi nyumbani tulikuwa na kimoja, na hicho cha kupanga. Masika alicheka hadi akafuta mchoro kwa mguu bila kukusudia.

Mjomba hakuwa mtu mbaya. Naliweka wazi hili mapema, kwa kuwa nikisimulia habari hii watu hupenda kumtafuta mbaya. Alimlipia Masika shule, alimpa kitanda, chumba kimoja na binti yake Kavira, aliyekuwa rika lake. Masika kwa upande wake alipika na kufua nguo za nyumba nzima, na hakuna aliyeona neno katika hilo. Ulipofika wakati wa kuchagua mkondo wa masomo, Kavira aliwekwa bio-chimie, mkondo wa sayansi, katika shule ya mjini yenye maabara. Masika aliwekwa pédagogie, mkondo wa ualimu, kwa kuwa shule yake ilikuwa jirani na karo yake ilikuwa nyepesi. Mama alipoulizwa alikubali na kushukuru. Kwa mama, shule ilikuwa shule. Hakuna aliyemweleza kwamba njia ya kwenda udaktari inapita kwenye benchi fulani, na kwamba ukikaa benchi la pembeni yake, mlango unaanza kufungwa miaka mingi kabla hujaufikia. Hata Masika hakujua. Alidhani ukipita umepita.

Mwaka wa mtihani wao nilikuwa Butembo. Mama alikuwa amenipeleka kwa mjomba ili nipate chanjo na nile vizuri, na pia nisome katekisimu, maana vita vilinikuta sijabatizwa na nilikuwa mkubwa kupita watoto wengine wote wa darasa lile. Katekista alitufundisha kwamba padri asipokumwagia maji kichwani, hata ukijua sala zote, bado hujaingia. Nilishika neno hilo kwa nguvu, kwa kuwa nilijua sala zote.

Siku ya matokeo mke wa mjomba aliweka makopo matatu ya poda juu ya meza ya sebuleni, yamezungushiwa utepe, na pembeni krati za soda. Nje mtaa ulikuwa umeshaanza kuwaka kwa filimbi na honi. Mjomba alikaa na simu yake, akaandika namba ya Kavira, tukangoja. Simu ikalia. Alisoma, akasoma tena, akavua miwani. Kavira alikuwa ameanguka mtihani. Aliinuka kwenye kiti akaenda chumbani, na hakuna aliyemfuata. Kisha mjomba, kwa heshima, akaandika namba ya Masika, na simu ikalia tena. Alisema polepole kwamba Masika amepita, Mungu asifiwe. Alitaka kutabasamu na uso ukamkatalia. Mkewe alisema, “Tunashukuru,” akachukua makopo matatu, akayaweka kabatini na kufunga.

Masika alirudi jikoni alikokuwa ameacha sufuria motoni. Nilimfuata. Alikuwa anasonga ugali, mgongo umenigeukia, na mabega yake yalikuwa yanacheza, nami sikujua kama analia au ni nguvu za mwiko. Nilimuuliza mbona hawajammwagia.

“Ile poudre ni ya Kavira,” alisema. “Yetu itakuya.”

Nilikaa na jibu hilo usiku na mchana. Kwa akili yangu ya katekisimu jambo lilikuwa wazi kabisa. Kujua masomo ni kama kujua sala. Poda ndiyo maji. Masika alikuwa amejua kila kitu, lakini hakumwagiwa, basi alikuwa bado hajaingia. Niliona hata watu wazima hawajalitambua hili, nikawahurumia.

Na mambo yakaenda kama nilivyotabiri. Masika alivaa sketi yake nzuri, akanishika mkono, tukapanda kilima hadi ofisi ya chuo kikuu kimoja cha mjini. Aliyetupokea alikuwa mtu mpole. Alitazama cheti, akamsifu, kisha akamweleza kwamba kwa udaktari wanachukua waliotoka bio-chimie. Wa pédagogie anaweza kuingia, sheria haimkatazi, lakini apitie kwanza mwaka wa maandalizi, prépa, mwaka mzima wa hesabu, kemia na biolojia, unaolipiwa kamili na usiohesabiwa katika miaka ya udaktari. Akishinda hapo ndipo ataanza mwaka wa kwanza. Masika aliuliza kama anaweza kufanya mtihani wa prépa bila kukaa mwaka huo darasani. Mtu yule alicheka kwa wema akasema hapana. Kurudi, Masika hakunishika mkono. Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake, na nilijua sababu ya kukataliwa, ila sikujua niiseme vipi.

Jioni mjomba alimwita sebuleni. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni, nikasikia yote.

“Masika, mwana wangu, akili uko nayo, hakuna mutu anakatala,” alisema. “Lakini université hapana kimbia. Uende kwanza Kasugho ufundishe, miaka mbili tatu, ukuwe na kako ka pesa. Kiisha utarudia, utafanya prépa, utaingia. Donc ni kuzunguka kidogo tu. Polepole njo mwendo.”

“Aksanti, mujomba,” Masika alisema.

Juma hilohilo Kavira alitangulia kuondoka. Alipelekwa Uganda, kupitia mpaka wa Kasindi, godoro jipya limefungwa juu ya gari, na masanduku mawili. Huko angerudia masomo, apate cheti cha kule, arudi nacho, apitie prépa, aingie udaktari. Nimekuja kufikiria baadaye, nikiwa mtu mzima ninayejua kupima njia na gharama zake, kwamba ya Kavira ilikuwa ndefu kuliko ya Masika. Ilivuka mpaka, ikabadili lugha, ikarudi. Lakini ile hakuna aliyeiita kuzunguka. Ile iliitwa kwenda masomoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wala hajui kwamba barabara moja ina urefu tofauti kwa mwenye gari na kwa mwenye miguu.

Asubuhi Masika alipoondoka, mjomba alimpa blanketi, na Kavira alikuwa amemwachia vitabu vyake vya kemia. Aliviweka chini kabisa ya mfuko, chini ya nguo. Mimi nilirudishwa Bungulu kwa mama.

Kasugho ni kule magharibi ya Lubero, ambako mashamba yanaingia msituni na msitu unaingia mashambani. Habari zake zilitufikia kwa midomo ya wachuuzi wa maharagwe. Walisema mwalimu Masika anapendwa, wanafunzi wake wanasoma Kifaransa kama maji. Walisema pia kwamba shule ile bado haijaingizwa kwenye mishahara ya Serikali, kwa hiyo walimu wanalipwa na wazazi, na wazazi wanalipa kwa walichonacho. Mwezi mmoja maharagwe, mwezi mwingine kazi ya kulimiwa bustani, na miezi watu wenye silaha wanapopita msituni, hakuna mavuno na hakuna malipo. Masika alitutumia kuku. Alitutumia viazi. Na kila mara alituma neno lilelile, kwamba prépa ni mwaka ujao. Mama alilipokea neno hilo, akalirudia kwa majirani, na majirani wakalirudia kwake wakimtania, wakimwita mama munganga, yaani mama wa daktari. Mwaka ujao ukaja, ukapita. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na nadhani la mama lilianza kuuma wakati huo, ila alicheka na watani wake kama kawaida.

Mimi sikuwa na wasiwasi mkubwa, kwa kuwa nilikuwa na dawa. Kavira alikuwa amerudi. Alikuwa amepata cheti chake, amekaa prépa, na siku alipofaulu kuingia udaktari, mama na mimi tuliitwa Butembo kusaidia kupika. Mke wa mjomba alifungua kabati akatoa makopo yaleyale matatu, utepe umefifia. Poda haiozi. Alimmwagia binti yake mawili, akiwa analia na kuimba, na Kavira akawa mweupe hadi masikioni, akacheza na sisi wote uani. Mwaka ule ule nilikuwa nimebatizwa, nikatazama kwa macho ya mjuzi. Nilijisemea, haya, mmeona sasa? Huyu alianguka, kisha kamwagiwa, sasa anaingia.

Kavira aliniona ninavyolikodolea macho lile la tatu. Alilichukua mezani akanipa mkononi.

“Shika, mudogo wangu,” alisema. “Utamumwangia yaya yako siku yake ikifika.”

Sina neno na Kavira hata leo. Alisema kwa moyo safi, na nilibeba kopo lile kwenye gari hadi Beni nimelikumbatia, nikalificha chini ya kitanda, nyuma ya masufuria. Nilikuwa nikilitoa mama akiwa sokoni, nafungua kifuniko kidogo, nanusa, nafunga.

Masika alirudi mchana wa jua kali. Kakao ilikuwa imeanikwa barabara nzima, nami nilikuwa nimekodishwa na jirani kufukuza mbuzi wasiikanyage. Nilimwona akija kutoka upande wa barabara kuu, akitembea katikati ya maturubai kwa uangalifu wa mtu aliyechoka. Sikuona kwamba hakuwa na mfuko. Sikuona viatu vyake, ambavyo havikuwa jozi moja. Mtoto aliyekuwa mgongoni kwake nilimwona, lakini sikumtilia maanani, maana mtaani kwetu kila mwanamke ana mtoto mgongoni. Nilichoona ni Yaya, na nilichosikia kichwani ni sauti ya mjomba akisema kwamba ukirudi kutoka Kasugho, utaingia.

Nilikimbia ndani. Nikatoa kopo. Nilipofika kizingitini naye alikuwa anafika, akainama kidogo ili anikumbatie, na kichwa chake kikawa usawa wa mikono yangu. Nilimimina. Nilimimina kwenye nywele, likatoka wingu, poda ikashuka kwenye paji la uso na kope na midomo, nikapiga kigelegele nilichokuwa nimekifanyia mazoezi muda mrefu.

Mtaa ulisikia. Mke wa askari mmoja, aliyetoka mkoa wa mbali na kuishi mlango wa pili, ndiye aliyetoka wa kwanza. Aliona poda, akatupa taulo lake, akaanza kuimba wimbo wa ushindi kwa Kilingala. Wengine wakatoka. Hakuna aliyeuliza, kwa nini waulize? Miaka yote walikuwa wameambiwa Masika ataingia udaktari, na sasa Masika alikuwa amesimama mlangoni mweupe kabisa. Walimzunguka. Mmoja alimfungua mtoto mgongoni akamrusha juu na kumdaka, mwingine akachukua filimbi, mtu wa pikipiki akasimamisha chombo chake akapiga honi mfululizo. Wazee wa kakao waliacha reki zao wakaja kupiga makofi. Nilikuwa katikati ya yote hayo na kopo lililobaki nusu, ninaruka, mimi niliyejua siri ambayo watu wazima walikuwa hawaijui.

Alisimama mikono imening’inia. Macho yake tu ndiyo hayakuwa na poda, na yalikuwa yananitazama, si kwa hasira. Nilidhani ni furaha imemzidi.

Kelele zilimfikia mama sokoni, maana hapakuwa mbali. Alikuja mbio, beseni la unga kichwani, mikono myeupe hadi viwikoni. Aliona binti yake. Mama yangu, ambaye tangu kipoyi kile sikuwahi kumwona akicheza hata harusini, alishusha beseni chini, akachota unga wa mihogo kwa mikono miwili, unga wa kuuzwa, chakula chetu, akamrushia Masika juu ya poda. Akachota tena. Kisha akaanza kucheza. Alicheza ngoma ya kwao ya zamani, amepinda magoti, anatikisa mabega, machozi yanachora njia kwenye unga wa mashavu yake, na wanawake wakamfungulia duara.

Alipomkaribia Masika alimshika kiunoni wacheze pamoja. Nilikuwa nimeshika kitenge cha Masika kwa nyuma, kwa hiyo nilisikia. Masika alishusha mdomo kwenye sikio la mama.

“Mama, hakuna kitu,” alisema. “Batu ba bunduki balichoma nyumba ya masomo. Baba ya mutoto balimuua. Prépa haiko. Nilikimbia tu.”

Mama hakusimama. Magoti yake yaliendelea, mabega yake yaliendelea, na uso wake ulibaki umefunguka vilevile kwa ajili ya watu.

“Nyamaza kwanza, mwana wangu,” alisema. “Batu banaangalia. Cheza.”

Na Masika akacheza. Alinyanyua mikono yake, dada yangu, akacheza katika poda ya Kavira na unga wetu, hadi watu walipotosheka na kurudi kwenye kakao yao.

Ndani, mlango ulipofungwa, mama alikaa kitandani akatazama ukuta. Masika alinawa kichwa kwenye beseni. Unga na poda viligeuka uji, havikutoka kwa maji ya kwanza wala ya pili. Alinieleza yeye mwenyewe, kwa sauti ya mwalimu, bila kunikaripia, kwamba poda haimpeleki mtu popote. Kwanza mtu anafika, ndipo anamwagiwa. Nilimuuliza kama ni hivyo, mbona Kavira alianguka na akafika. Alisugua nywele zake kwa nguvu, akamwaga maji, akachota mengine. Mtoto alikuwa na vipele vya joto shingoni, maana alikuwa amezaliwa kwenye baridi na Beni haikumjua. Masika alilichukua kopo mkononi mwangu, akatia poda kidogo kwenye kiganja, akampaka. Poda iliyobaki ilitosha hadi mtoto alipoanza kutambaa.

Majirani walidanganywa kwa majuma kadhaa kwamba masomo yataanza mwezi ujao. Kisha waliacha kuuliza, na ule utani wa mama munganga ukafa wenyewe, bila mtu kuuzika. Masika alipata darasa katika shule ya msingi ya Beni, na hata sasa anafundisha. Alisema mwaka ujao kwa miaka mingi. Sikumbuki ni lini aliacha kusema, kwa kuwa neno kama hilo haliagi linapoondoka. Nakumbuka tu kwamba siku moja mwanawe, Solange, yule aliyekuja naye mgongoni, alimletea kijiti na kumwomba amchoree kitu mchangani, akamchorea nyumba.

Kavira ni daktari hapa Butembo. Anapasua watu. Alimpasua mama uvimbe mwaka juzi, kwa mikono mizuri, na hakutaka malipo, tukamshukuru kwa kuku. Mjomba ndiye aliyenipa mtaji wa duka hili nilipomaliza shule, na kabla hajafa alipenda kuniambia kwamba Masika alikuwa na akili kuliko wote, ila alikosa subira. Nilimsikiliza nikimpakulia chakula. Alikufa akiamini alimwonyesha njia.

Leo matokeo yametoka. Nilikuwa nimefunga mlango nusu, honi zinalia huko nje, simu ikaita, na ilikuwa Masika kutoka Beni. Solange amepita. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, ingawa najua sote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja. Masika alikuwa ameapa kwamba mwanawe atakaa bio-chimie hata kama atauza sahani. Lakini shule ya karibu yenye bio-chimie ilijaa wakimbizi waliolala madarasani, na iliyobaki wazi ilikuwa na pédagogie tu, na huko ndiko Solange alikosoma. Solange anataka kuwa daktari. Hakuambiwa na mtu. Amelipata wapi sijui.

Masika aliniuliza kama Kavira bado hupokea simu zangu. Nilisema ndiyo, hupokea. Akasema basi, kwake ndiko tutakakoomba karo ya prépa. Kisha nikamsikia akihema, na nyuma yake nikasikia sauti ya msichana anacheka.

“Unaletea mutoto poudre,” alisema. “Njo siku yake. Mi sitamukatalia.”

Nilienda nyuma ya magunia ya chumvi nikachukua kopo moja. Nilifunga duka. Kabla ya kwenda kutafuta gari la Beni, nililifunga kopo ndani ya kitenge, mara mbili, nikalisukuma chini kabisa ya mfuko. Abiria wenzangu wangeliona wangeanza kuimba.